Bwana wa Uskoti Aliyeingia Mabela

Maishani mwangu nimeshindwa mara nyingi na nimeshinda mara chache, na ushindi mkubwa kuliko wote niliupata nikiwa nyuma ya mlango, nimeshika sinia la halwa, wala hakuna aliyeniona. Kujisifu sioni haya. Wanaume wa ukoo wetu hujisifia mambo madogo kuliko hilo, kama kupata pahala pa kuegesha gari karibu na msikiti siku ya Ijumaa, na sisi wanawake huwasikiliza kwa heshima. Basi na mimi leo nisikilizwe.

Mimi ni mjane. Nakaa Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati, Oman, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu chumba baada ya chumba. Kila asubuhi navuka mlima kwa gari kwenda kazini, kwenye maabara ya hospitali, ambako napima damu za watu. Nalisema hili mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya damu na asili, na katika miaka yangu yote ya kazi sijaona hata tone moja lililoandikwa jina la babu wa mtu. Majina sitayataja, ya wazima wala ya wafu. Wazima wengine ni wakali, na wafu wa Uskoti hawakunipa ruhusa.

Nina mtoto mmoja, binti, mhandisi. Ofisini kwao alikuweko kijana wa Kiskoti, mhandisi wa maji, anayekaa Madinat Sultan Qaboos. Alikuwa keshasilimu zamani, kabla hajatujua sisi, akiswali na kufunga bila ya kujionyesha. Binti yangu alinipa habari zake siku tunayokunja nguo, na nilijua kuna jambo kwa sababu shuka moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nikamwambia sema, mwanangu, shuka imechoka. Akasema.

Nilimpigia simu huyo kijana kumpima. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kingine amekipata kwa binti yangu na kingine kwa Wakenya anaofanya nao kazi, lakini aliponisalimia na kuniuliza habari za kheri, ile kh ilitoka kooni safi kabisa, safi kuliko ya vijana wetu wanaosema heri kama waliobanwa na mafua. Nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema kwao wanayo, wanaitumia kutaja maziwa yao ya maji baridi. Nilimpenda papo hapo, na sikumwambia mtu.

Lakini binti asiye na baba ana walii wake, mwanamume wa ukoo wa kumwozesha. Babu yake kafariki, kaka hana, na walii akawa ami yake, ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, anayekaa Mabela kwenye nyumba kubwa yenye majlis ya kukaa wanaume nusu ya mtaa. Shemeji yangu ni mtu mwema, na hilo nataka lijulikane kabla sijamsema. Mume wangu alipofariki, hakuna Idi iliyopita bila ya yeye kugonga mlango wetu, na binti yangu kasoma mpaka mwisho huku ami yake akiuliza matokeo kabla yangu. Ila ana ugonjwa mmoja, nao ni asili. Akikutana na mtu, hata fundi wa kiyoyozi, swali la kwanza ni la babu.

Nilipompelekea habari alisikiliza vizuri, kisha akasema: "Dini anayo, alhamdulillah. Kazi anayo. Lakini ni mtoto wa nani? Mtu asiyemjua baba wa babu yake, vipi nimpe mtoto wa ndugu yangu?"

Nikamwambia shemegi, huyo ni Mskoti, wao hawana mambo hayo. Akanijibu kwamba mtu asiyekuwa na mambo hayo ndiye wa kuogopwa. Na akanikumbusha, kwa upole, kwamba sisi tuliotoka Unguja bado tunaulizwa madukani ni akina nani hasa, na ukoo unaoulizwa hauwezi kuacha mlango wazi. Nilikata simu nikiwa nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nilimwelewa.

Binti yangu alilia, kisha akampigia mwenzake, kisha akaja mbio jikoni uso umebadilika. Kumbe kijana alikuwa na babu, tena si babu wa mchezo. Ukoo wao unatokana na bwana mmoja mkubwa wa Uskoti wa zama za wafalme na mapanga, mwenye ardhi na askari wa farasi na mnara wa mawe, na mnara upo mpaka leo ingawa hauna paa na kondoo huingia watakavyo. Kijana akatutumia na mchoro wa ukoo, umepangwa kama mti, bwana mkubwa juu kabisa na watoto wake wanateremka chini kwa matawi.

Nilipouona mchoro nikasema huu hautufai. Binti akadhani namdharau mwenzake. Nikamfahamisha kwamba hapa kwetu mtu haanzi na babu mkubwa akashuka. Anaanza na yeye mwenyewe akapanda: mimi fulani bin fulani bin fulani. Ukianzia juu, kila mtu anaweza kuteremka akajisingizia popote. Ukianzia chini, lazima ukanyage kila ngazi, na ngazi ikikosekana watu wataona. Ami yako, nikamwambia, hatasoma mti. Atataka asikie mtu anapanda.

Kijana alipoambiwa hakushangaa hata kidogo. Alisema zamani kwao, kwenye milima ya kaskazini, walikuwako watu ambao kazi yao ni hiyo, kumsimamia mkuu mpya na kumtajia wazee wake kwa kupanda, mtoto wa fulani mtoto wa fulani, mpaka watu waridhike. Akasema kazi hiyo imekufa na anaona fahari kuifufua Maskati.

Hapo ndipo yalipoanza masomo yetu. Mimi ni mwanamke wa peke yangu na yeye si maharimu wangu, kwa hiyo tulisomeshana kwa ujumbe wa sauti. Yeye hurikodi usiku akimaliza kazi, na mimi asubuhi huufungulia garini, kwenye foleni ya kuvuka mlima. Magari mengine yanasikiliza habari na Qurani, langu linasikiliza Waskoti waliokufa. Mzee mmoja wa gari la pembeni alinitazama siku nakariri kwa sauti, mkono unapiga usukani, akafunga kioo chake taratibu.

Njia ya kukariri sikuibuni mimi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha nasabu ya mume wangu mwezi wa kwanza wa ndoa, jikoni, akikuna nazi. Mbuzi yake ya nazi alitoka nayo Unguja, na ninayo mpaka leo. Alikuwa akisukuma kifuu mara moja anataja jina, akisukuma tena jina jingine, jina la tatu analivuta kidogo na kupumua, kisha anaanza tena. Mimi naye tumekuna nazi nyingi kwa babu wa watu. Nilikuwa nikikosea, ananirudisha nyuma kwa kunigonga goti na kifuu kitupu.

Yeye ndiye aliyenihadithia jambo ambalo shemeji yangu halitaji kamwe. Walipotoka Unguja kuja Oman, mama mkwe alikuwa mjane bado kijana, na wanawe wawili: shemeji, aliyekuwa anaanza kubaleghe, na marehemu mume wangu, mdogo wa kushika buibui la mama yake. Walikwenda kijijini, bara ya ndani, kwa wazee wa ukoo wa baba yao, kwa sababu bila ya wazee hao kusema hawa ni wetu, wangebaki wageni kwenye nchi ya babu zao. Wazee wakamuuliza mtoto mkubwa, wewe bin nani. Akamtaja baba, akamtaja babu, akamtaja baba wa babu, kisha akakwama. Ndipo mama yao, aliyekaa nyuma ya mlango kama ilivyo ada, akaanza kuwataja wazee wa mumewe mmoja mmoja, na mikono yake, aliniambia akicheka, ikikuna nazi mapajani ingawa nazi haipo. Akapanda mpaka akamfikia babu ambaye hata wale wazee ni babu yao. Alipomaliza, wazee walisimama wote.

Kwa sauti hiyo ndipo walipopata ukoo, jina la kabila na mahali pa kuzikana. Mume wangu aliniambia kwamba kaka yake aliona haya sana siku ile, na tangu hapo hakuna nasabu asiyoijua. Nyani haoni kundule, sisemi zaidi.

Turudi kwa bwana wa Uskoti. Kijana alikuwa akinitumia majina, kisha ananiongezea habari, na mimi nikawa sichelewi tena kuondoka nyumbani asubuhi. Baba wa babu yake huyo bwana alikuwa mgeni. Alivuka bahari kutoka upande wa Wafaransa akiwa askari wa farasi, lugha ya nchi haijui, akamtumikia mfalme, na mfalme akampa bonde zima kwa sharti la kumletea askari kila vita ikitokea. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao: ardhi yote ya mfalme, na kila aliyepewa kipande amekipewa kwa upanga wake. Vizazi vitatu baadaye kitukuu cha yule mgeni alikuwa mwenye nchi, anawauliza wageni wengine wametoka wapi. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu mpaka taa ikawa kijani na walionifuata wakapiga honi.

Bwana mwenyewe alizaliwa mtoto wa pili, hakutarajiwa kurithi. Kaka yake akafa, naye akawekwa kwenye kiti. Akajenga mnara wa mawe palipokuwa na boma la miti. Wakulima wote wa bonde walilazimika kusaga nafaka zao kwenye kinu chake, hata kama kuna kinu cha karibu zaidi, jambo ambalo sikulipenda. Aliwapa watawa wao shamba na mto wa samaki wamwombee milele, nikamwambia kijana hiyo tunaijua, hiyo ni wakfu. Kisha vikaja vita vya nani awe mfalme, na bwana akamlia kiapo mfalme wa jirani, akakivunja, akala kingine. Nikasema mtu wa viapo viwili mimi simtaki kwa binti yangu. Kijana akanijibu kwa unyenyekevu kwamba mama, zama zile hata maaskofu walikula viwili viwili, na kwamba viapo vilimtokea puani, maana alishikwa akafungwa kusini miaka.

Na huko kifungoni ndipo alipoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika ukoo ule. Bwana hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti. Baba yake akiwa gerezani, maadui walikuja kuuzingira mnara majira ya baridi, na binti akaushika. Walimwita atoke, hakutoka. Chakula kilipokwisha alipanda juu ya ukuta kila asubuhi amevaa nguo zake nzuri, ili wadhani ndani kuna shibe. Maadui walichoka wakenda zao. Baba alirudi akakuta mnara wake umesimama, akafia kitandani mwake. Kwa sheria yao, pasipo mtoto wa kiume, binti hurithi. Mfalme akamwozesha binti kwa askari wake mmoja, mtu shujaa asiyejulikana baba yake, na huyo askari akachukua jina la ukoo wa mkewe ili jina la bonde lisife.

Nilikuwa nimefika kwenye mzunguko wa chini ya mlima ujumbe huo ulipokwisha, na furaha yangu ikakatika. Nilihesabu ngazi. Kijana alikuwa anapanda vizuri, bin na bin na bin, zaidi ya wazee ishirini, halafu ngazi moja tu kabla ya bwana mkubwa anamfikia yule askari, na askari hana baba. Anayemfikisha kwa bwana ni mke. Kwenye mti wa kuteremka hilo halionekani, jicho linapita tu. Kwa kupanda, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe, linaonekana kama jino lililong'oka.

Binti yangu aliliona kabla sijamwambia. Akaniomba turuke. Aseme tu askari ni bin bwana, maana ni nani wa Mabela atakayekwenda Uskoti kuuliza? Sitasema kwamba sikulifikiria. Nilimwambia amuulize mwenyewe, na jibu lilikuja kwa sauti, fupi kuliko nasabu zote alizowahi kunitumia.

"Mama," alisema, "yule bibi alikaa juu ya ukuta na njaa. Siwezi kumshusha mimi."

Nilimkasirikia na nilimpenda kwa wakati mmoja, na kama umepata kuwa na mtoto unajua hali hiyo.

Siku ya posa tulikwenda Mabela baada ya alaasiri. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri, mkate wa kumimina na sambusa, na halwa nimeagiza kwa fundi wa Seeb ninayemwamini. Kijana alikuja na baba yake, aliyepanda ndege kutoka Uskoti kwa ajili hiyo. Mjukuu huyo wa bwana mkubwa alikuwa dereva wa basi mstaafu, mzee mrefu mwenye suti nzito ya nchi ya baridi, na alipoketi chini majlisini magoti yake yalilia tukayasikia mpaka kwetu. Haelewi Kiarabu wala Kiswahili. Alikula sambusa kila aliyopewa, na nilimhesabia hilo.

Mlango baina ya chumba chetu na majlis ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Mimi na binti yangu tulisimama nyuma yake, na sinia la halwa nimelishika mimi, tayari kulipitisha mambo yakienda vizuri. Kwa upenyo nilimwona shemeji yangu na kilemba chake cha siku kubwa, na wazee wawili watatu wa ukoo kandoni mwake. Baada ya salamu na kahawa akamgeukia kijana na kumuuliza swali lake, kwa Kiswahili, maana aliambiwa kijana anakijua.

Kijana akaanza. Alipanda kwa uangalifu, bila ya mdundo wowote. Ule wa nazi haukumwingia kamwe, alisoma kama mtu wa taarifa ya hali ya hewa. Lakini hakukosea. Wazee walianza kuitikia kwa vichwa alipovuka wa kumi. Alipovuka wa kumi na tano mmoja wao alisema mashallah. Nikamsikia binti yangu anapumua kwa mdomo. Kisha kijana akamfikia askari, akanyamaza.

"Huyo bin nani?" shemeji akauliza.

"Hajulikani, ami. Kwetu hakuna anayemjua baba yake."

"Na bwana wa mnara mliyenambia?"

"Ni baba wa mke wake. Sisi tumempata bwana kwa yule binti."

Shemeji yangu aliweka kikombe chini. Nasema tena kwamba si mtu mbaya. Alisema kwa huruma. "Basi hapo umekatika, mwanangu. Nasabu haipiti kwa mwanamke. Wewe si wa bwana. Wewe ni wa askari, na askari hana mtu."

Kijana akasema ndiyo, ami, ndivyo ilivyo. Hakubishana, hakupamba. Nyuma ya mlango binti yangu aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikahisi kitu kinapanda kifuani ambacho hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira safi, ya kunipa nguvu. Nilimwona mama mkwe wangu kwenye chumba kingine, kwenye kijiji kingine, amekaa nyuma ya mlango na mtoto wake amekwama. Mikono yangu imeshika sinia, haiwezi kukuna chochote. Nikaanza kwa kichwa na mabega.

Nilimtaja dereva wa basi kwanza. Halafu baba yake, halafu babu yake nikamvuta kidogo, nikapumua. Wawili na mmoja, wawili na mmoja, kama mbuzi ya nazi inavyotaka. Asubuhi zote za foleni ya Al Amerat zilinijia mdomoni, na majina yale magumu yaliyonipasua ulimi mwanzoni yalitoka yamelainika. Sikuharakisha. Sauti yangu niliisikia inajaa majlis ya Mabela, na hakuna aliyekohoa. Nilipomfikia askari sikusimama. Nikasema: mume wa binti fulani, aliyeushika mnara kwa njaa, binti wa bwana fulani, bin fulani, bin fulani, bin fulani aliyevuka bahari bila ya kujua lugha, akapewa bonde. Nikavuta jina la mwisho kama alivyokuwa akivuta mama mkwe, nikanyamaza.

Kwa upenyo wa mlango nikamwona mzee wa Kiskoti amesimama. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameyasikia majina ya watu wake, mmoja baada ya mmoja, kutoka kwenye mdomo wa mwanamke asiyemwona, kwa lugha asiyoijua, na machozi yalikuwa yanamteremka wala hayafuti.

Shemeji yangu hakumtazama. Alikuwa anautazama mlango.

"Nani kakufundisha kuwahesabu wazee namna hiyo?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mama yako," nikasema.

Shemeji akashika goti lake, akajiinua, akasimama mbele ya yule dereva wa basi, na wazee wa ukoo walipomwona amesimama nao wakasimama, mmoja akimshika mwenzake mkono. Wote walikuwa wima. Binti yangu naye aliinuka sakafuni bila ya kujua kwa nini.

"Mimi siku yangu nilikwama kwa babu wa tatu," shemeji akawaambia, na wengine walikuwa hawajapata kuisikia habari hiyo. "Nilitolewa na mwanamke, nyuma ya mlango. Nikisema leo mlango huo hauhesabiki, mimi mwenyewe ntakuwa bin nani?"

Akamkumbatia yule mzee. Mzee hakuelewa neno, ila mkono ukiwa mgongoni hauhitaji mkalimani. Shemeji akamwambia kijana kwamba watoto wake wafundishwe wote, bwana na binti wa bwana, na yule askari vilevile wasimwache nje, maana hakuna ukoo usiokuwa na mtu wa kuanza. Kisha akasema somani Fatiha, wakasoma, na binti yangu akaniegemea begani nusura halwa inidondoke. Niliililia ile halwa, nililia kila kitu.

Nikapitisha sinia. Mkono uliolipokea upande wa pili ulikuwa wa shemeji yangu, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuufungua zaidi ya ulivyokuwa. Alisema taratibu, ili wageni wasisikie:

"Shemegi, mara nyengine, kabla hujaingilia maneno ya wanaume, piga hodi."

Nikamuuliza, "Mama yako alipiga?"

"Hakupiga," akasema, kisha akacheka, na tangu tulipomzika ndugu yake sikuwa nimemsikia kucheka.